Macho ya mtoto anayechomwa sindano za homoni ya ukuaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni tabibu wa macho. Wazazi wa watoto wanaochomwa homoni ya ukuaji ni wachache katika foleni yetu, na wengi wao hufika wamechoka kuulizia: mtaani hakuna wa kumuuliza, na kliniki ya homoni iko mbali. Haya ndiyo maswali yao, na majibu ninayowapa.

Homoni ya ukuaji ni nini hasa, na kwa nini mtoto achomwe kila siku?

Ni homoni inayotengenezwa na tezi ndogo iliyoning'inia chini ya ubongo, ukubwa wa punje ya maharage, iitwayo pituitari. Inafanya kazi kwa kuliamsha ini na viungo vingine kutoa kichocheo kingine kiitwacho IGF-1, na hicho ndicho kinachorefusha mifupa. Mtoto ambaye tezi yake haitoi ya kutosha hubaki mfupi sana kuliko wenzake, na wengine huanguka sukari, yaani sukari ya damu hushuka mno, wakiwa wachanga. Haimezwi kwa sababu tumbo litaisaga kama nyama, ndiyo maana ni sindano, nyembamba, chini ya ngozi, mara nyingi usiku kabla ya kulala. Tangu 2021 zipo pia za mara moja kwa wiki, ingawa huku kwetu bado ni adimu.

Zamani homoni hii ilikamuliwa kutoka kwenye tezi za maiti. Mwaka 1985 ikagundulika kwamba baadhi ya watoto waliotibiwa hivyo walipata ugonjwa mbaya wa ubongo, ikasimamishwa, na mwaka huohuo ikaja ile inayotengenezwa maabara. Nayasema haya kwa sababu kila mwezi kuna bibi au babu anayeniuliza kama ni kweli mjukuu wake anachomwa kitu cha maiti. Hapana. Hiyo ilikwisha.

Sasa macho yanaingiaje hapo?

Ubongo unaelea ndani ya maji. Kwa mtu mzima, mwili hutengeneza kama nusu lita ya maji hayo kila siku na kuyanyonya tena. Homoni ya ukuaji huifanya figo ishike chumvi na maji zaidi, na inadhaniwa pia kwamba IGF-1 inakisukuma kile kitambaa cha ndani ya ubongo kinachotengeneza maji hayo kifanye kazi kupita kiasi. Kwa watoto wengi mwili unazoea bila shida. Kwa wachache, maji yanazidi yanakoweza kwenda, na shinikizo ndani ya fuvu linapanda.

Fuvu halitanuki. Lakini neva ya jicho, ule mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi ubongoni, imevikwa ala ileile inayoufunika ubongo, na maji yaleyale yanapita humo. Shinikizo likipanda juu, linashuka kwa njia hiyo mpaka nyuma ya jicho na kuibana neva mahali inapoingilia. Pale inavimba. Macho yote mawili, kwa kawaida.

Tatizo hili lilianza kusemwa kwa sauti mwaka 1993, pale wataalamu wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, walipochapisha taarifa ya visa zaidi ya 20 vilivyowafikia. Tangu hapo onyo limo kwenye karatasi za maelezo za homoni ya ukuaji, na zile za Marekani zinasema daktari aangalie nyuma ya jicho kabla ya kuanza, na aendelee kuangalia mara kwa mara. Kuhusu neno hilo la kwanza, *kabla ya kuanza*, nitalirudia, maana ndilo linalosahaulika.

Ni jambo la kawaida kiasi gani?

Ni nadra. Katika rejista kubwa za kimataifa zinazofuatilia watoto hawa ni chini ya mtoto 1 kati ya 1,000. Usiache kumtibu mtoto kwa hofu ya hili. Kuna watoto ambao bila sindano hizi wangeanguka sukari usiku, na kuna mabinti wenye hali ya Turner, waliozaliwa wakikosa kromosomu moja ya X au sehemu yake, wanaopata sentimita ambazo wasingezipata kwa njia nyingine yoyote. Ninachoomba ni kwamba mzazi ajue dalili zake kama anavyojua za malaria.

Dalili zake ni zipi?

Kichwa. Hicho ndicho cha kwanza karibu kila mara. Si lazima kiume sana. Mara nyingi ni asubuhi, mtoto anaamka kinamgonga, au kinazidi akilala chali, akiinama, akikohoa au akienda haja kubwa. Anaweza kutapika, tena bila kuumwa tumbo, na baada ya kutapika akajisikia afadhali.

Halafu macho. Watoto wakubwa husema giza linawapita: anainama kufunga kamba za viatu, akiinuka kila kitu kinakuwa kijivu au cheusi kwa sekunde chache, kisha kinarudi. Watu wazima wakisikia hivyo hudhani ni kizunguzungu cha njaa. Wengine wanaona vitu viwili viwili, hasa vya mbali, kwa mfano magari mawili barabarani pale penye moja, kwa sababu neva inayolivuta jicho kwenda nje ni ndefu na inaelemewa mapema shinikizo linapopanda. Hapo jicho moja linaweza kuanza kuingia ndani kuelekea puani, makengeza ambayo hayakuwepo. Wapo wanaosikia mvumo masikioni unaokwenda na mapigo ya moyo. Mtoto mmoja aliniambia "kuna mtu anapiga ngoma mbali."

Mtoto mdogo hatasema lolote kati ya haya. Atakuwa msumbufu, atakataa kucheza, atashika kichwa, atafumba jicho moja akitazama kitu.

Kuhusu muda: mara nyingi hutokea ndani ya wiki 8 za kwanza tangu sindano ya kwanza. Lakini imewahi kutokea baada ya miezi, hata miaka, na pia baada ya dozi kuongezwa. Kwa hiyo kila dozi inapopandishwa, hesabu upya wiki zako.

Mwanangu alipimwa macho, akasoma herufi zote ukutani. Si yuko sawa?

Hapa naomba usome taratibu, maana kwa swali hili moja ningeandika ukurasa wote.

Alikuja mvulana wa miaka 9, na begi la shule mgongoni. Alikuwa wiki ya sita ya sindano. Kwa wiki mbili alikuwa akiamka na kichwa. Kituo cha kwanza walimpima malaria, hakuwa nayo, wakampa panadol. Kituo cha pili mama alisema jambo la maana sana, kwamba mtoto analalamika macho, wakamsimamisha mbele ya chati, akasoma mpaka mstari wa chini kabisa kwa macho yote mawili. Wakaandika: macho mazuri. Mwalimu akasema anakwepa hesabu. Mama naye, akiwa amechoka, akaanza kuamini hivyo. "Shule tu imemshinda huyu," aliniambia mlangoni.

Kwangu pia alisoma mstari wa chini, tena haraka, kwa fahari.

Nikamtia matone ya kupanua mboni. Yanauma kidogo, akakunja uso, mama akamwambia "vumilia baba." Tukasubiri kama nusu saa. Nikazima taa ya chumba, nikamwekea kidevu kwenye mashine, nikasogeza mwanga. Kwa kawaida, pale neva inapoingilia unaona duara dogo, manjano hafifu lenye wekundu wa mbali, na ukingo wake ni safi, ungeweza kuuchora kwa kalamu. Mishipa ya damu inatoka katikati yake na kutawanyika kama mizizi, na unaweza kuifuata kila mmoja. Kwa mtoto huyu ukingo haukuwepo. Duara lilikuwa limetuna na kuwa kama wingu, mishipa ilikuwa inapotea ndani yake na kuibukia mbali kidogo, na pembeni palikuwa na mstari mmoja mwembamba wa damu, kama uzi mwekundu uliodondoka. Nikahamia jicho la pili. Vilevile.

"Daktari, mbona umenyamaza?" mama akauliza.

Neva ya jicho inapovimba kwa shinikizo la kichwa, sehemu inayosomea herufi huwa ya mwisho kuathirika. Kinachoanza kupotea ni pembeni: upana wa uoni, kwa taratibu sana kiasi kwamba mtoto mwenyewe hajui. Chati ya ukutani inapima ile sehemu ya katikati tu. Mtoto anaweza kuisoma yote leo na neva yake ikawa inakufa kutoka kingo kwenda ndani. Anapoanza kukosea herufi, tumeshachelewa.

Kwa hiyo ukienda popote na mtoto anayechomwa homoni ya ukuaji akiwa analalamikia kichwa au macho, sema maneno haya: "Naomba aangaliwe nyuma ya jicho." Usione haya. Wala usiondoke kwa kuambiwa anaona vizuri.

Kichwa kinamuuma usiku huu, na ni saa ya sindano. Nifanye nini?

Kwanza, watoto huumwa kichwa kwa sababu nyingi, na wanaoanza homoni hii hulalamika kichwa kidogo siku za mwanzo bila shinikizo lolote. Lakini kama kichwa kimerudi siku ya pili, au kimekuja na kutapika, au na jambo lolote la macho nililotaja hapo juu, mpigie daktari wake usiku huohuo na umpeleke mtoto hospitali, usisubiri Jumatatu. Kwa watoto wengi, kuruka sindano ya usiku mmoja hakuna madhara, na madaktari wengi watakuambia uiache mpaka aangaliwe. Kwa mchanga ambaye amewahi kuanguka sukari, usiamue mwenyewe, uliza kwanza.

Sasa la hatari zaidi. Watoto wengine tezi yao imeshindwa homoni nyingi kwa pamoja, na mbali na sindano wanameza haidrokotisoni kila siku, dawa inayochukua nafasi ya kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa. Hiyo haiachwi hata siku moja. Mtoto wa namna hii akitapika, akalegea, akawa baridi, inaweza isiwe shinikizo la kichwa kabisa. Inaweza kuwa mwili umekosa kotisoli, na hiyo huua ndani ya saa chache. Anahitaji haidrokotisoni ya sindano na maji ya mshipa, hapohapo. Mwambie mtu wa kwanza utakayemkuta mapokezi: "Mtoto huyu tezi yake haifanyi kazi, anatumia haidrokotisoni." Bora uiandike kwenye karatasi na kuitia kwenye begi lake la shule.

Na kama ana homa, apimwe malaria, ndiyo. Ila kipimo kikisema hana, hapo ndipo safari inapoendelea. Isiishie na panadol.

Hospitalini watamfanyia nini?

Wataangalia nyuma ya jicho. Neva ikiwa imevimba, sindano zinasimamishwa siku hiyo. Kisha kichwa kinapigwa picha, MRI ikiwezekana, au CT, kuhakikisha hakuna uvimbe wala damu iliyoganda kwenye mishipa ya ubongo, kwa kuwa hivyo navyo vinavimbisha neva vilevile. Picha zikiwa safi, daktari anaweza kupima shinikizo lenyewe kwa kuingiza sindano kwenye uti wa mgongo. Kwa watoto, likizidi sentimita 28 za maji linahesabiwa kuwa juu.

Wazazi wetu wanaogopa sana kipimo cha mgongo, na nimeona familia zikimbeba mtoto na kurudi naye nyumbani. Nawaelewa. Lakini sindano hiyo inaingia chini kuliko uti wenyewe unapoishia, haiwezi kuuchoma, na kuyatoa maji yale kidogo humpunguzia mtoto maumivu.

Wengine hupewa dawa iitwayo asetazolamaidi inayopunguza utengenezaji wa maji ya ubongo. Itamfanya akojoe mara nyingi, vidole vitawashawasha kama vimekufa ganzi, na soda itakuwa na ladha mbaya mdomoni. Hayo si mzio.

Atapofuka?

Akiwahiwa, uwezekano mkubwa ni kwamba macho yatarudi yalivyokuwa. Katika visa vilivyoelezwa, dalili huisha upesi sindano zikisimamishwa au dozi ikipunguzwa. Uvimbe wenyewe unachukua wiki hadi miezi kutulia. Yule mvulana wa begi, baada ya mwezi, niliuona ukingo upande mmoja wa duara, mstari safi kabisa, na nilimwita mama aje aone kwenye skrini.

Akicheleweshwa, nyuzi za neva zinakufa na hazioti tena. Hakuna miwani wala upasuaji wa kuzirudisha.

Ina maana sindano ndiyo basi tena?

La. Neva ikitulia na dalili zikiisha, watoto wengi wanaanza upya kwa dozi ndogo kuliko ya mwanzo, inapandishwa polepole, na macho yanaangaliwa kila hatua. Usikubali kuanza upya bila tarehe ya macho iliyoandikwa.

Ni watoto gani walio hatarini zaidi?

Wenye ugonjwa sugu wa figo, mabinti wenye Turner, watoto wenye Prader-Willi, hali ya kuzaliwa nayo inayoleta ulegevu na njaa isiyokwisha, wenye uzito uliozidi sana, na wale ambao tezi yao iliharibiwa na uvimbe, upasuaji au mionzi. Wenye Laron, ambao mwili wao hauitikii homoni ya ukuaji na hupewa IGF-1 yenyewe, nao wamo kwenye onyo hilohilo.

Ufupi usiojulikana chanzo uko chini kwenye orodha.

Mwanangu alikuwa na macho yanayochezacheza tangu mchanga. Ni sindano?

Sindano haiwezi kufanya kazi kabla haijachomwa, mama. Hapa ni kinyume chake: jicho ndilo lililokuwa likituambia habari za tezi. Kuna watoto wanaozaliwa na neva za macho ambazo hazikukua vizuri, na kwa kuwa neva hizo na pituitari hujengeka jirani katikati ya ubongo, zinaweza kupungukiwa pamoja. Mtoto mchanga ambaye macho hayatulii, hamtazami mama yake usoni, na sukari inashuka, anatakiwa apimwe homoni zote bila kungoja awe mfupi.

Ujirani huohuo unaleta jambo la pili. Pale juu ya pituitari ndipo neva za macho mawili zinapokutana na kupishana. Uvimbe uitwao kraniofarinjioma huota hapo, unakandamiza njia panda hiyo, na mtoto anapoteza uoni wa pembeni pande zote mbili. Anajigonga kwenye fremu za mlango, anamwaga chai iliyo pembeni yake, anaitwa mzembe. Ikiwa mtoto wako aliwahi kufanyiwa upasuaji wa uvimbe huo na sasa anachomwa homoni, anahitaji kupimwa upana wa uoni kwa mashine, zaidi ya kuangaliwa nyuma ya jicho. Uoni wake ukibadilika, tunauliza maswali mawili kwa pamoja: je, ni shinikizo, au uvimbe umerudi?

Na mabinti wenye Turner huzaliwa wengi wao na makengeza, kope zilizolegea, au wasiotofautisha nyekundu na kijani. Hayo si ya dawa.

Nimesikia inaharibu retina kama kisukari. Kweli?

Retina ni ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na hofu hii ina historia. Mwaka 1953 daktari wa Denmark, Poulsen, alieleza habari ya mwanamke mwenye kisukari aliyetokwa damu nyingi akijifungua, pituitari yake ikafa, na baadaye ugonjwa wa retina yake ukarudi nyuma. Madaktari wakafikiri: basi homoni ya tezi hiyo ndiyo inayolisha mishipa mibovu ya retina. Kwa miaka kadhaa wagonjwa wa kisukari waliondolewa au kuunguzwa tezi ili kuokoa macho, mpaka leza ilipochukua nafasi yake.

Kwa mtoto asiye na kisukari, wasiwasi huo haukuthibitika. Zipo ripoti chache sana za mabadiliko ya retina, na watoto wengi waliochunguzwa kwa makini walikutwa salama. Kwa mwenye kisukari ambaye retina yake tayari ina ugonjwa mkali, hapo homoni ya ukuaji hairuhusiwi kabisa. Na mwenye kisukari kisicho na ugonjwa huo bado anatakiwa kuangaliwa retina kabla, kwani homoni hii inapunguza nguvu ya insulini na sukari inaweza kupanda.

Mtoto wangu alizaliwa njiti.

Mwambie daktari wa macho, na kama una karatasi za retina za wakati ule, nenda nazo. Watoto njiti huzaliwa na IGF-1 kidogo, na upungufu huo ni sehemu ya sababu mishipa ya retina zao inashindwa kuota ipasavyo. Hilo ni la siku zao za uchanga, si la sindano za leo, ila alama zake zinaweza kubaki, na anayemwangalia anapaswa kujua anaangalia nini.

Je, atahitaji miwani?

Labda, kama watoto wengine. Jicho linakua pamoja na mwili na namba hubadilika. Miwani ya mtoto anayechomwa homoni haina utofauti wowote.

Kuna dawa za kuepuka?

Vitamini A kwa wingi inapandisha shinikizo hilohilo la kichwa. Doksisaiklini na wenzake wa kundi la tetrasaiklini pia, ambazo vijana hupewa kwa chunusi. Ukienda duka la dawa, taja sindano anazochomwa. Na makopo ya "kuongeza urefu" yanayouzwa mtandaoni usimpe juu ya matibabu yake, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo.

Wengine wananiuliza kama wanaweza kuagiza homoni yenyewe huko mitandaoni kwa mtoto mfupi tu ambaye hajapimwa. Nawasihi wasifanye. Hii ni dawa ya kukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, dozi yake inapigiwa hesabu kwa kilo, na anayeichoma bila daktari hana wa kumpigia siku kichwa kinapoanza.

Aangaliwe macho mara ngapi, na wapi?

Kabla ya sindano ya kwanza. Nilisema nitalirudia. Watoto wengine, hasa wenye jicho fupi kutoka mbele hadi nyuma, wamezaliwa na duara lililobanana, ukingo hauko wazi, linafanana na lililovimba ingawa ni zima. Nikilikuta hivyo kwa mara ya kwanza mtoto akiwa na kichwa, sina pa kulinganishia, na mtoto atafanyiwa vipimo vizito ambavyo huenda havikuhitajika. Picha moja ya nyuma ya jicho, iliyopigwa kabla, inamaliza ubishi huo kwa dakika mbili. Iombe, uihifadhi kwenye simu yako.

Baada ya hapo mimi hupenda kumwona ndani ya miezi miwili ya mwanzo, kila dozi inapopanda sana, kisha mara moja kwa mwaka. Akiwa na dalili, siku yoyote.

Tanzania, vitengo vya macho vipo Muhimbili, CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi. Kenya kuna Kenyatta na hospitali ya Kikuyu. Lakini kuangalia nyuma ya jicho hakuhitaji hospitali kubwa, na hospitali nyingi za mkoa au kaunti zina mtu wa macho anayeweza. Madaktari wa homoni za watoto ndio wachache. Wengi wa kizazi cha sasa walipitia mafunzo yaliyoanzishwa Nairobi mwaka 2008 kwa msaada wa chama cha Ulaya cha fani hiyo. Ukimpata mmoja, hata kama yuko mbali, namba yake ya simu itunze.

Siku ya miadi ya macho niende na nini?

Boksi la sindano au picha yake, ili tuone jina na dozi. Daftari lenye tarehe ya sindano ya kwanza na tarehe za kupandisha dozi. Ile picha ya zamani. Kofia, kwa sababu baada ya matone mboni zitabaki zimepanuka kwa saa kadhaa na jua la mchana litamtesa. Na mtu wa kumshika mkono wakati wa kuvuka barabara.